Mafua Yanaposhuka Kifuani: Virusi vya Kawaida na Mapafu ya Watoto wa Masisi na Walikale

Virusi vinavyoleta mafua na kikohozi viko kila mahali, na kila mwaka hurudi. Kuna rinovirusi, chanzo kikuu cha mafua mepesi. Kuna influenza, adenovirusi, parainfluenza, metapneumovirusi na virusi vya korona vya aina kadhaa. Na kuna kile kinachojulikana duniani kote kwa kifupi cha RSV, ambacho karibu kila mtoto huwa amekutana nacho kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa mtu mwenye afya, ugonjwa hauna makuu. Pua huchuruzika, koo huwasha, homa hupanda na kushuka, na baada ya wiki moja au mbili mambo yamekwisha. Lakini virusi hivyohivyo vikimpata mtoto wa miezi miwili, au mwenye bwaki, au aliyetoka kuugua surua, vinaweza kushuka kifuani na kumnyima pumzi katika siku tatu au nne tu. Katika teritwari za Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wenye hali kama hizo ni wengi, na ugonjwa unaopita kimyakimya kwingineko, huko unageuka kuwa ugonjwa wa kulazwa.

Hewa ikishapita puani na kooni huingia katika mirija ya kifua, ambayo hugawanyika mara nyingi hadi kuwa vijirija visivyofika milimita moja kwa upana. Mwisho wa vijirija hivyo kuna mamilioni ya vifuko vya hewa, na hapo ndipo oksijeni huvuka kuingia katika damu na kabonidioksidi ikatoka. RSV hushambulia hasa vijirija. Seli zilizovitanda hufa na kubanduka, huchanganyika na makamasi, na ukuta wenyewe huvimba. Mtu mzima ana nafasi ya kutosha kustahimili uvimbe huo. Mtoto mchanga hana. Kijirija kikipungua upana kwa nusu, ugumu wa kupitisha hewa huongezeka mara 16, na ndiyo maana mtoto huyo hupumua kwa mwili mzima: tundu za pua hutanuka, shingo hukaza, mbavu huchoreka, tumbo hupanda na kushuka kwa kasi. Misuli ya kupumulia ikichoka, pumzi hukatika. Waliozaliwa kabla ya wakati huwa na hatari ya peke yao, kwa kuwa wengine hawakohoi wala hawapati homa. Dalili pekee ni kwamba wanaacha kupumua kwa sekunde kadhaa, wanaanza, kisha wanaacha tena.

Influenza na virusi vya korona vinaweza kwenda mbali zaidi ya vijirija, hadi kwenye vifuko vya hewa vyenyewe. Kuta zake nyembamba huvuja, maji na seli za ulinzi hujaa ndani, na oksijeni haipati pa kupita hata kama mgonjwa anavuta hewa kwa nguvu zote. Njia nyingine ni ya bakteria. Kirusi huharibu utando unaosafisha mirija, na bakteria waliokuwa wakiishi puani na kooni bila madhara, hasa nimokoka na stafilokoka, hupata mlango wazi. Mtoto huonekana amepata nafuu, anaanza kunyonya au kula, halafu homa inarudi kwa kishindo na kupumua kunakuwa kwa shida kuliko mwanzo. Wanasayansi wa Marekani waliochunguza upya vipande vya mapafu vilivyohifadhiwa tangu janga la influenza la 1918 walieleza mwaka 2008 kwamba wengi wa waliokufa wakati ule walikuwa na nimonia ya bakteria iliyofuata nyuma ya kirusi.

Walio hatarini si watoto wachanga peke yao. Wazee, wajawazito, wenye VVU wasiopata dawa, wenye kifua kikuu na wenye ugonjwa wa moyo wote hukaa karibu na ukingo. Wagonjwa wa selimundu, ambao Kongo ina wengi, wanastahili kutajwa kwa mkazo: maambukizi ya kawaida ya njia ya hewa yanaweza kuwaletea shambulio la kifua, ambapo seli za damu zilizojipinda huziba mishipa midogo ya mapafu, na maumivu ya kifua, homa na upungufu wa oksijeni huja kwa pamoja. Wachimbaji wa koltani wa Rubaya na wa kasiteriti wa Bisie nao huvuta vumbi la mawe siku nzima, na mapafu yaliyochakazwa na vumbi hayana akiba ya kupambana na maambukizi.

Hata hivyo, kundi kubwa kuliko yote ni watoto wenye utapiamlo. Mwili usio na protini ya kutosha haujengi kinga ya kutosha, na misuli ya kifua iliyokonda haiwezi kufanya kazi ya kupumua haraka kwa saa nyingi. Jambo la hatari zaidi ni kwamba ugonjwa hujificha. Mtoto mwenye utapiamlo mkali anaweza kuwa na nimonia kamili bila homa, na bila ile kasi ya kupumua ambayo wauguzi wamefundishwa kuitafuta. Anakuwa tu mnyonge, anakataa chakula, mwili unapoa. Kwa sababu hiyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaagiza mtoto wa namna hiyo anayelazwa apewe antibiotiki tangu siku ya kwanza, hata kama hakuna dalili ya wazi ya maambukizi.

Ramani ya teritwari hizi mbili inaongeza uzito wa tatizo. Masisi ni nchi ya milima na malisho ya ng'ombe, na sehemu zake nyingi ziko juu ya mita 2,000. Usiku ni wa baridi, mvua hunyesha kwa wingi, na nyumba ndogo za mbao au udongo hufungwa kabisa huku moto wa kuni au makaa ukiwaka ndani. Moshi huo hulemaza vinyweleo vidogo vinavyosukuma uchafu kutoka kwenye mirija ya hewa, na anayeuvuta zaidi ni mtoto aliyebebwa mgongoni mwa mama anayepika. Kwenye miinuko hiyo hewa yenyewe ina oksijeni pungufu kwa takriban sehemu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Mtu mzima aliyezaliwa huko haoni tofauti, lakini mtoto ambaye mapafu yake yameziba huporomoka mapema zaidi, kwa kuwa hana ziada ya kupoteza.

Walikale ni nchi nyingine kabisa. Ndiyo teritwari kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, sehemu kubwa yake ni msitu, iko chini, ina joto na malaria kwa wingi. Malaria na nimonia zinafanana kwa macho: homa, kupumua haraka, unyonge. Tena zinasaidiana kuua, kwa sababu malaria hubomoa chembe nyekundu za damu, na damu iliyopungukiwa haiwezi kubeba hata ile oksijeni kidogo ambayo mapafu yamefaulu kuipata. Mtoto akipimwa malaria na kipimo kikaonyesha anayo, kazi haijaisha. Kifua bado kinapaswa kuangaliwa, na mara nyingi hapo ndipo kosa hutokea.

Juu ya yote hayo kuna vita. Watu wa Masisi wamekimbia makwao mara nyingi kwa miaka 30, wakaishi kwenye vibanda vya maturubai huko Sake, Kitchanga na Mweso, au katika kambi za kandokando ya Goma kama Bulengo na Rusayo, hadi kambi hizo zilipovunjwa mwanzoni mwa 2025. Katika kibanda cha mita chache familia nzima hulala bega kwa bega, na kirusi kinachosafiri kwa matone ya kikohozi hakihitaji zaidi ya hapo. Mji wa Masisi ulitekwa na waasi wa M23 Januari 2025, na maelfu ya watu wakatafuta hifadhi ndani ya ua wa hospitali kuu na kandokando yake. Mji wa Walikale ulifuata Machi mwaka huohuo, ukashikiliwa kwa majuma mawili hivi. Mapigano yakianza, watu hukimbilia porini, na mtoto mwenye kikohozi hulala kwenye mvua.

Kati ya virusi vyote vinavyopita katika njia ya hewa, surua inastahili nafasi ya peke yake. Wengi huifahamu kwa vipele, lakini kinachoua zaidi ni nimonia. Mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na kirusi kinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Surua huweza kuunguza mapafu yenyewe, hasa kwa wenye utapiamlo, na huyafungulia mlango maambukizi mengine. Kisha inafanya jambo ambalo mafua ya kawaida hayafanyi: inafuta kumbukumbu ya kinga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba watoto walioumwa surua walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa wamejijengea dhidi ya magonjwa mengine. Mtoto aliyepona surua mwezi uliopita anarudi kuwa kama mtoto mchanga mbele ya nimokoka, adenovirusi na vingine vyote, na hali hiyo inaweza kudumu miezi mingi.

Mwaka 2019 ulionyesha jinsi ugonjwa huu unavyoweza kupita bila kutazamwa. Serikali ya Kongo ilitangaza janga la surua Juni 10, 2019, wakati macho ya dunia yalikuwa kwenye Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, ambayo Agosti ya mwaka huohuo ilifika hata Pinga, ndani ya Walikale. Ebola ile iliua watu 2,287 kabla ya kumalizika Juni 2020. Surua, hadi ilipotangazwa kwisha Agosti 25, 2020, ilikuwa imeua watoto zaidi ya 7,000 nchini kote. Chanjo yake ipo tangu miaka ya 1960, na ni ya bei nafuu. Kilichokosekana ni barafu, barabara na utulivu: chanjo ya surua inatunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, na chupa ikishachanganywa lazima itumike ndani ya saa sita au imwagwe. Kuipeleka kutoka Goma hadi kijiji cha Katoyi kwa pikipiki, kupitia vizuizi vya makundi ya silaha, ni kazi ambayo wahudumu wengi wa chanjo wameifanya bila kusifiwa na mtu.

Kwa aliyekwisha kuugua surua, kuna dawa moja rahisi ambayo ushahidi wake umetoka Afrika Mashariki. Katika Hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, Tanzania, watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa makundi mawili, moja likapewa vitamini A kwa kiwango kikubwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987: waliopewa walikufa kwa kiwango cha karibu nusu ya wenzao. Leo kila mtoto mwenye surua anapaswa kupata dozi mbili katika siku mbili mfululizo, uniti 200,000 kila moja kwa aliyetimiza mwaka, 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, na 50,000 kwa aliye chini ya hapo. Ni matone mdomoni, hayahitaji sindano wala umeme.

Kwamba virusi vya kawaida kabisa vinaweza kuua kijiji bila msaada wa kirusi kigeni, Kongo ililiona wazi mwishoni mwa 2024. Katika eneo la afya la Panzi, mkoani Kwango, kusini magharibi mwa nchi (isichanganywe na hospitali ya Panzi ya Bukavu), watu walianza kufa kwa homa, kikohozi na kukosa pumzi, wengi wao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Vyombo vya habari vya dunia vikauita ugonjwa usiojulikana. Sampuli zilipofika maabara, kilichoonekana ni malaria pamoja na influenza, rinovirusi, virusi vya korona, parainfluenza na adenovirusi. Desemba 27, 2024, Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa mchanganyiko wa virusi hivyo na malaria, ukikolezwa na utapiamlo mkali, ndio ulioongeza vifo. Hakukuwa na kirusi kipya. Kulikuwa na njaa, mvua, na zahanati ambayo mtu huifikia kwa kutembea muda mrefu. Anayeijua Walikale atatambua kila kitu katika maelezo hayo.

Utambuzi wa hatari hauhitaji mashine. Muuguzi wa kituo cha afya humwomba mama amkalishe mtoto mapajani, ampandishe shati, amwache atulie. Mtoto anayelia hahesabiki. Kisha saa huanza, na kila kifua kinapopanda huhesabiwa kwa dakika nzima, si nusu dakika na kuzidisha, maana pumzi za watoto hazilingani. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni za haraka kupita kiasi. Kwa wa miezi 2 hadi 11 kikomo ni 50. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitano ni 40. Baada ya hapo macho huenda sehemu ya chini ya mbavu. Ikiwa inaingia ndani kila mtoto anapovuta hewa, mapafu yamekuwa magumu. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, asiyeamka vizuri, anayeguna kila anapotoa pumzi, au mwenye midomo na ulimi vya rangi ya buluu, hapaswi kulala nyumbani usiku huo. Washauri wa afya wa vijijini wanaweza kufundishwa haya yote kwa siku chache, na wengi wamefundishwa.

Kuna kitu kimoja ambacho jicho hukosea: kiwango cha oksijeni. Ngozi nyeusi na taa hafifu huficha ubuluu hadi hali inapokuwa mbaya sana. Kifaa kidogo kiitwacho oksimita, kinachobanwa kwenye kidole gumba cha mguu wa mtoto, hutoa namba ndani ya sekunde chache kwa kupitisha mwanga katika damu. Chini ya asilimia 90, mtoto anahitaji oksijeni mara moja. Mguu ukiwa wa baridi namba hudanganya, hivyo muuguzi mzoefu huusugua kwanza, au huuvisha soksi na kungoja.

Oksijeni ndiyo dawa kuu ya mapafu yaliyozibwa na kirusi, kwa sababu kwa virusi vingi vya mafua hakuna dawa nyingine ya kuviua. Mitungi ya chuma ni mizito na lazima ijazwe mjini; barabara ya Walikale haina huruma nayo, na kwa miaka mingi sehemu ya lami ya barabara huko Kilambo ilitumika kama uwanja wa ndege ndogo kwa kuwa magari hayakupita. Jibu lililofaa zaidi ni konsentreta, mashine inayovuta hewa ya chumbani, ikanasa naitrojeni na kuacha oksijeni ya zaidi ya asilimia 90. Mashine moja inaweza kuhudumia watoto kadhaa kwa wakati mmoja kupitia mirija miembamba ya puani, kwani mtoto mchanga hahitaji zaidi ya lita moja au mbili kwa dakika. Inachohitaji ni umeme usiokatika. Huko Papua New Guinea, nchi nyingine ya milima, hospitali tano zilipopewa konsentreta na oksimita vifo vya nimonia vilipungua kwa asilimia 35, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008. Uganda ilikwenda hatua mbele: katika vituo 20 mashine ziliunganishwa na paneli za jua na betri, na utafiti wa 2024 ulionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 48 za kwanza vilishuka kwa karibu nusu. Jua la Masisi hufunikwa na mawingu mara nyingi, kwa hiyo betri lazima ziwe kubwa zaidi, lakini hakuna kizuizi cha kiufundi. Madaktari Wasio na Mipaka, wanaosaidia Hospitali Kuu ya Masisi tangu 2007, pamoja na watumishi wa serikali wa hapo, wamethibitisha kwamba huduma ya aina hii inawezekana hata katikati ya vita.

Antibiotiki haziui virusi. Hata hivyo, kituo cha afya hakina namna ya kutofautisha nimonia ya kirusi na ya bakteria, na mara nyingi zote mbili zipo kifuani mwa mtoto mmoja. Ndiyo maana mtoto anayepumua haraka hupewa vidonge vya amoksisilini mara mbili kwa siku, na mwenye dalili za hatari huchomwa dozi ya kwanza ya sindano kabla ya kupandishwa pikipiki au kubebwa kwa machela kwenda hospitali. Kisichofaa ni sharubati za kikohozi zinazouzwa sokoni, hasa zenye dawa za kulaza. Humtuliza mtoto kwa kupunguza pumzi ambazo tayari hazitoshi. Maziwa ya mama kidogokidogo, pua iliyosafishwa kwa maji ya chumvi na kulala akiwa ameinuliwa kichwa humfaa zaidi.

Anayepona hatoki mzima papo hapo. Kikohozi hudumu majuma kadhaa, uzito huwa umeshuka, na adenovirusi au surua vinaweza kuacha makovu kwenye mirija ambayo humfanya mtoto akorome kifuani kwa miaka. Mzunguko wa mkono wake ukipimwa na kuangukia kwenye rangi nyekundu ya mkanda wa kupimia, yaani chini ya sentimita 11.5, anapaswa kuingizwa katika mpango wa lishe kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, la sivyo atarudi wodini kwa mafua yanayofuata.

Kinga nyingi tayari zipo katika ratiba ya chanjo ya Kongo. Chanjo ya nimokoka iliingizwa mwaka 2011 na hutolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ya surua huanza miezi tisa, na penye mlipuko inaweza kutolewa tangu miezi sita. RSV ilibaki nje ya ratiba hiyo kwa miongo mingi. Utafiti mkubwa wa nchi saba, Kenya ikiwakilishwa na Kilifi, ulionyesha mwaka 2019 kwamba kirusi hicho peke yake kilisababisha takriban asilimia 31 ya nimonia kali kwa watoto wasio na VVU waliolazwa. Sasa ipo chanjo ambayo hadungwi mtoto bali mama mjamzito, kuanzia wiki ya 28, ili kingamwili zake zivuke hadi kwa mtoto na kumlinda katika miezi ya kwanza, ile ambayo kijirija bado ni chembamba mno. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha ubora wake Machi 2025. Ili imfikie mama wa Itebero au wa Nyabiondo, lazima awe amehudhuria kliniki ya wajawazito katika miezi mitatu ya mwisho, kliniki iwe na friji inayofanya kazi, na njia ya kwenda huko iwe imefunguka siku hiyo.